Spishi imepotea chupani: kusoma dalili za jamii ya vijidudu iliyokwenda kombo

Umechanganya spishi tano za bakteria kwa kipimo sawa, ukawa unazihamishia chupa mpya kila siku, na kufikia siku ya saba zimebaki mbili. Au kinyume chake: spishi uliyokwisha kuifuta kwenye daftari imerudi na kujaza chupa. Hapo wengi wetu hukimbilia kuangalia kama uchafu umeingia, kama inkubeta ilizimika usiku, kama kizibo kililegea. Hayo yaangaliwe, tena mapema. Lakini mara nyingi chanzo kimo ndani ya chupa yenyewe: spishi zinatendeana. Moja inakula kilichokuwa fungu la mwenzake, nyingine inaacha tindikali, ya tatu inaondoa sumu ambayo hukujua kama ipo.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili zinazoonekana, kisha vyanzo vyake, kisha kipimo cha kutenganisha chanzo kimoja na kingine. Jambo moja nalisisitiza tangu mwanzo kwa kuwa limeniokolea miezi ya kazi: sehemu kubwa ya kutendeana huku haihitaji seli kugusana. Hupitia kwenye mchuzi zinamoishi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza nani kamshinda nani, upime mchuzi uliobaki: pH yake, oksijeni yake, sukari iliyosalia. Spishi zile zile mbili zinaweza kuwa maadui kwenye mchuzi mmoja na wasaidizi kwenye mwingine, kwa hiyo jina la spishi peke yake halikupi jibu.

Kwanza, je, imepotea kweli?

Umehesabu makoloni 100 (vidoa vya bakteria, kila kimoja kimeota kutokana na seli moja) kwenye sahani na hukuona hata moja la spishi B. Bado huwezi kusema B haipo. Ukihesabu makoloni n bila kuiona, unachoweza kudai kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba fungu lake halizidi takriban 3 gawanya kwa n. Kwa makoloni 100, hiyo ni asilimia 3. Kama chupa ina seli bilioni 1 kwa mililita, basi B inaweza kuwa na seli milioni 30 katika kila mililita na wewe usione kitu. Dawa yake ni sahani teule: weka kwenye agari (chakula kilichogandishwa sahanini) antibiotiki ambayo B pekee inaistahimili, au sukari ambayo B pekee inaila, na umwage sampuli bila kuizimua sana, yaani bila kuipunguza makali kwa kimiminika kingi.

Ukisoma DNA badala ya kuhesabu makoloni, mitego ni mingine. Asilimia lazima zijumlike kufikia 100, kwa hiyo A ikiporomoka B itaonekana imepanda hata kama idadi yake haijabadilika. Pata idadi halisi ya seli kwa njia ya pili kabla hujaamini mchoro. Halafu jeni ya 16S inayotumika kutambulisha bakteria haina nakala sawa kwa kila spishi: *E. coli* inabeba nakala 7, bakteria wa kifua kikuu anabeba 1 tu. Usiporekebisha, mwenye nakala nyingi ataonekana mkubwa kuliko alivyo. Na DNA ya seli zilizokufa hudumu mchuzini, ikasomwa kana kwamba wenyewe wako hai.

Sahani nayo ina upofu wake. Mwaka 1985 Staley na Konopka walieleza pengo kubwa lililopo kati ya seli zinazoonekana kwa hadubini na makoloni yanayoota: katika sampuli nyingi za maji na udongo, zinazoota ni chini ya asilimia 1. Kwa hiyo DNA ikisema ipo na sahani ikisema haipo, zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli.

Spishi moja imemeza chupa nzima

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi, na vyanzo vyake ni angalau vitatu vinavyofanana kwa nje.

Cha kwanza ni mwendo tu, bila uadui wowote. Tuseme A hugawanyika kila dakika 30 na B kila dakika 36. Ndani ya saa 3, A imegawanyika mara 6, B mara 5. Ukizimua mara 64 katika kila uhamisho, A inahitaji migawanyiko 6 kuijaza chupa tena, na kila mara uwiano wa A kwa B unaongezeka maradufu. Baada ya uhamisho wa kumi umefika 1,024 kwa 1. B haikupigwa sumu wala haikunyimwa kitu maalumu. Imeachwa nyuma tu. Ukiwa na shaka kwamba tatizo ni hili, zimua mara 8 badala ya 64, huku ukihamisha kwa ratiba ile ile. Hapo A itagawanyika mara 3 tu kwa kila uhamisho na uwiano utapanda polepole zaidi, kama mara 1.4. Kadiri unavyozimua sana, ndivyo unavyozipa faida spishi zenye mbio. Watu wengi huchagua kiwango cha kuzimua kwa sababu ya urahisi wa pipeti, bila kujua kwamba wamechagua pia mshindi.

Cha pili ni pH. Nilikuwa na jozi moja iliyonisumbua kwa wiki kadhaa: kila nikizichanganya, A inabaki, B inakwisha. Peke yake B iliota vizuri kwenye mchuzi ule ule, ndiyo maana sikuushuku. Siku moja nilichovya karatasi ya pH kwenye chupa ya mchanganyiko asubuhi, kabla ya kuhamisha. Jioni iliyotangulia ilisoma 7. Sasa ilikuwa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu, kati ya 4 na 5. Mchuzi ulikuwa na glukosi nyingi na bafa kidogo, yaani kemikali inayozuia pH isiyumbe. A ilikuwa inageuza sukari kuwa tindikali kwa kasi, nayo yenyewe ikaistahimili. Niliongeza bafa ya fosfati mara kumi, sikubadilisha kingine chochote, na B ikabaki hadi uhamisho wa mwisho. Kama ningeendelea kutafuta sumu ya A, ningeitafuta hadi leo. Tangu hapo napima pH kila ninapohamisha, na ninaandika namba yake kando ya idadi ya seli.

Kumbuka kwamba pH inaweza kupanda pia. Bakteria wanaokula amino asidi kwenye mchuzi usio na sukari huacha amonia, na mchuzi unaelekea kwenye besi.

Cha tatu ni sumu halisi: antibiotiki, au protini za kuua ndugu wa karibu, kama kolisini za *E. coli*. Ili kuitenganisha na sababu mbili za kwanza, chuja mchuzi uliotumiwa na A kwa kichujio cha mikromita 0.2, rudisha pH mahali pake, ongeza chakula kipya, kisha otesha B ndani yake. B ikiota vizuri sasa, tatizo lilikuwa chakula au pH. Ikigoma bado, kuna kitu kimeachwa mle. Onyo moja: kuna bakteria wanaoua kwa kugusana tu, wakimchoma jirani kwa kifaa kama mkuki kilicho kwenye utando wao, bakteria wa kipindupindu ni mfano unaojulikana vizuri. Mchuzi uliochujwa hautaonyesha mauaji ya namna hiyo hata kidogo. Kwa hao, weka spishi hizo mbili pande mbili za utando wenye vitundu vidogo visivyopitisha seli, kisha ulinganishe na chupa zinamochanganyika.

Sasa kipimo ninachokiamini kuliko vyote: anzisha chupa mbili. Moja iwe na A asilimia 95 na B asilimia 5, nyingine kinyume chake. Hamisha kila siku kwa wiki moja. Chupa zote zikiishia kwa A, A ni mshindi wa kweli katika hali hiyo. Zote zikisogea kwenye uwiano ule ule wa kati, zinaishi pamoja kwa uthabiti, na kila moja ina nafasi ambayo nyingine haiwezi kuichukua. Lakini kila chupa ikiishia kwa yule aliyeanza kuwa mwingi, una mfumo wenye ncha mbili: mwenye wingi anageuza mazingira yawe yake. Tindikali na sumu huzaa tabia hiyo mara kwa mara. Ukikuta hivyo, acha kuuliza nani ana nguvu. Uliza nani aliingia kwanza na kwa idadi gani.

Nilitegemea mmoja ashinde, zote zimebaki

Mwaka 1934 Gause alichapisha majaribio yake ya *Paramecium*: spishi mbili zilizokula chakula kimoja, *P. aurelia* na *P. caudatum*, hazikudumu pamoja; ya kwanza iliiondoa ya pili. Ndiyo maana tunashangaa tunapoweka sukari moja tu na kukuta spishi kumi bado zipo.

Maelezo yake ya kawaida ni kwamba chakula hakibaki kimoja. Mwenye kula glukosi kwa haraka hutema asetati na mabaki mengine, na mwingine anaishi kwa mabaki hayo. Goldford na wenzake, mwaka 2018, walichukua jamii za vijidudu kutoka kwenye udongo na mimea, wakazilisha glukosi peke yake kama chanzo cha kaboni, wakizimua mara 125 kila baada ya saa 48. Spishi nyingi zilidumu, na safu ya familia ilijirudia: Enterobacteriaceae pamoja na Pseudomonadaceae. Ukitaka kujua kama kwako ni hivyo, otesha B kwenye mchuzi wa A uliochujwa bila kuongeza chochote. Ikiota, inakula makombo ya A.

Peke yake haioti, pamoja na wenzake inaota

Hapa ndipo watu hukata tamaa na kutupa spishi zenye thamani kubwa. Wanatenga koloni, linaota mara moja, la pili linafifia, la tatu hakuna kitu. Wanaandika kwamba imekufa, kumbe imetengwa na msaidizi wake.

Kisa cha kukumbuka ni cha *Methanobacillus omelianskii*. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa spishi moja inayogeuza ethanoli kuwa asetati na kutoa methani. Mwaka 1967 Marvin Bryant na wenzake walionyesha kuwa ni viumbe wawili. Mmoja anavunja ethanoli na kutoa haidrojeni. Lakini haidrojeni ikirundikana, kazi hiyo haimlipi tena kinishati, na anasimama. Wa pili hawezi kutumia ethanoli kabisa, ila anakula haidrojeni na kutoa methani. Kila mmoja anaishi kwa sababu mwenzake yupo. Ukiwatenganisha, wa kwanza anazibwa na gesi yake mwenyewe na wa pili anashinda njaa. Kwa hiyo spishi yako ikiwa ya mazingira yasiyo na oksijeni, jaribu kuiondolea haidrojeni kwa kupitisha nitrojeni juu ya mchuzi, au umpe mlaji wa haidrojeni unayemfahamu.

Penye oksijeni mshukiwa wangu wa kwanza ni peroksidi ya haidrojeni. *Prochlorococcus*, bakteria mdogo wa baharini anayetumia mwanga wa jua, hana katalasi, kimeng'enya kinachoivunja peroksidi hiyo. Anaota vizuri akiwa na majirani kama *Alteromonas* wanaoiondoa peroksidi majini. Kazi hiyo majirani wanaifanya kwa ajili yao wenyewe, faida inawafikia wote, na asiye na jeni hiyo ameokoa gharama ya kuibeba. Ongeza katalasi au piruvati kwenye mchuzi na agari. Piruvati nayo huivunja peroksidi. Ni jaribio la siku moja na linafufua makoloni mengi.

Mshukiwa wa pili ni chuma. Spishi nyingi hutoa molekuli za kunasa chuma, na zipo zisizotengeneza zake bali huchukua za majirani. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba bakteria kadhaa wa mashapo ya baharini waliohesabiwa kuwa hawaoteki waliota mara walipopewa molekuli hizo kutoka kwa jirani. Dalili yake inapendeza kuitazama: kwenye sahani, makoloni madogo yanajipanga kuzunguka koloni moja kubwa, makubwa zaidi karibu, yakipungua kadiri yanavyokwenda mbali, kisha hakuna. Ukiona mpangilio huo, usichukue koloni kubwa peke yake. Chota kubwa na dogo pamoja, uyachore kwenye sahani mpya kwa mistari inayokatana kama msalaba.

Baada ya hao, jaribu vitamini, hasa B12, kisha amino asidi moja moja. Ila jihadhari na kumwaga mchuzi wenye kila kitu: ukishatoa bure kile ambacho jirani alikuwa anakitoa, utegemezi unafutika, na walewale waliokuwa wanasaidiana wanageuka kugombea sukari.

Wote wamekufa kwa pamoja

Mchuzi ulijaa haraka, na kesho yake hakuna koloni hata moja. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ratzke, Denk na Gore walieleza jambo hili mwaka 2018 kwa bakteria wa jenasi *Paenibacillus*: walikua kwa kasi, wakashusha pH hadi wakajiua wenyewe wote. Bafa zaidi iliwaokoa. Ajabu ni kwamba hata kipimo kidogo cha antibiotiki kiliweza kuwaokoa, kwa kuwa kilipunguza kasi ya kuchafua mazingira yao. Punguza sukari au ongeza bafa. Huhitaji kutafuta zaidi.

Kwenye sahani zinaishi pamoja, chupani moja hutoweka

Chanzo ni kukoroga. Kerr na wenzake, mwaka 2002, walichukua aina tatu za *E. coli*: mwenye kutoa kolisini, anayeistahimili, na anayeuawa nayo. Mtoaji anamuua dhaifu. Dhaifu anamzidi mbio mstahimilivu. Mstahimilivu anamzidi mbio mtoaji. Kwenye sahani ambayo haikuvurugwa, wote watatu walidumu wakifukuzana kwa mabaka. Kwenye chupa iliyotikiswa, alibaki mstahimilivu peke yake. Kama jamii unayoichunguza huishi kwenye udongo au juu ya ukuta wa kitu, usiihukumu kwa mashine ya kutikisa.

Jozi zote nazijua, lakini watatu wananishangaza

Mara nyingi jozi zinatosha. Friedman, Higgins na Gore, mwaka 2017, walishindanisha spishi nane za bakteria wa udongo, na kanuni rahisi inayosema kwamba watakaobaki ni wale wanaoweza kuishi na kila mmoja wa wenzao ilitabiri takriban asilimia 90 ya mashindano ya watatu watatu. Anza na jedwali la jozi, basi, na shughulika na yale yanayoivunja kanuni.

Yanapoivunja, mtafute wa tatu anayebadilisha uhusiano wa wawili. Mfano wake kila mwenye kuotesha *E. coli* ameuona: koloni linalostahimili ampisilini katikati, na pembeni vijikoloni vidogo visivyostahimili, vilivyoota baada ya yule wa kati kuivunja dawa iliyokuwa karibu naye. Toa spishi moja moja kwenye kundi na utazame nani mwingine anaanguka.

Mtawala ameporomoka ghafla

pH ni nzuri, chakula kipo, na spishi iliyokuwa juu imeshuka mara elfu kwa siku moja. Fikiria virusi vya bakteria, yaani faji. Mwingi ndiye anayekutana navyo zaidi, ndiye anayeumia zaidi. Wala si lazima vitoke nje: kikulacho ki nguoni mwako, na bakteria wengi wamebeba faji iliyolala ndani ya DNA yao, inayoamka seli inapopata msukosuko.

Chuja mchuzi, uuzimue mara 10 mfululizo, na udondoshe tone la kila kiwango juu ya zulia la bakteria waliotandazwa kwenye agari. Sumu itatoa doa linalofifia kadiri unavyozimua, kisha linapotea lote. Faji itafika mahali ikavunjika kuwa vitundu vinavyoweza kuhesabika, kimoja kimoja, kwa sababu kila kimoja kimeanzishwa na kirusi kimoja kilichozaliana.

Marudio hayafanani

Hesabu seli za mwanzo. Kama tone lako hubeba wastani wa seli 3 za spishi adimu, takriban chupa 5 kwa kila 100 zitaanza bila hata seli moja ya spishi hiyo, kwa bahati tu. Ongeza seli za mwanzo, na kama tofauti inabaki, rudi kwenye kipimo cha 95 kwa 5. Kisha uliza unalinganisha katika ngazi gani: katika kazi ya Goldford, chupa zilizoanzishwa kutoka jamii moja zilitofautiana kwa spishi huku familia zikifanana.

Ilikuwa thabiti kwa wiki nyingi, sasa imebadilika

Kuzimua mara 100 kila siku ni vizazi kama 6.6 kwa siku; vizazi 1,000 vinatimia ndani ya miezi mitano. Muda huo unatosha kwa mageuzi. Mwaka 1987 Helling, Vargas na Adams walionyesha kwamba *E. coli* iliyoanza kama ukoo mmoja kwenye chakula cha glukosi pekee iligawanyika ikawa na aina kadhaa zinazoishi pamoja. Baadaye ilibainika kuwa baadhi zinakula asetati inayoachwa na wenzao.

Ndiyo maana kila wiki gandisha sampuli kwenye gliseroli, nyuzi −80 za Selsiasi. Siku ya mashaka, fufua ya mwanzo na uiendeshe sambamba na ya sasa, kwenye mchuzi wa pika moja, kwenye inkubeta moja. Ya mwanzo nayo ikienda kombo, kilichobadilika ni mchuzi au namna unavyohamisha. Ikitulia kama zamani, badilisha mwanachama mmoja mmoja: toa mzee, weka mjukuu wake, hadi umpate aliyebadilika.